Nani Huziambia Seli Zisimame? Hotuba kwa Wakazi wa Igombe kuhusu Saratani

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule, hapa Igombe, wilaya ya Ilemela mkoani Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mbele ya wavuvi, wachuuzi wa dagaa, wazazi na wanafunzi. Akina mama kadhaa waliniomba maandishi kwa sababu waume zao na vijana wao walikuwa bado ziwani. Nimeiandika yote kama nilivyoisema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mwangaluka!

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, mama zangu wa dagaa, vijana mliotoka ziwani alfajiri hii na hamjalala bado, na ninyi wanafunzi mliokaa chini hapa mbele: mwangaluka!

Asanteni sana. Mimi kazi yangu ni maabara. Wagonjwa hawanijui kwa sura. Daktari akimkata mgonjwa kinyama, kile kinyama kinaletwa kwetu ndani ya kichupa, tunakiandaa, kinatazamwa kwa hadubini, na majibu yanarudi kwa daktari. Kwa hiyo saratani mimi naifahamu kwa sura yake ya ndani kabisa, kule ambako jicho halifiki. Nimekuja kuwaeleza ninachokiona kule.

Kwa nini nimekuja? Kwa sababu huku kwetu jina lenyewe likitajwa watu hunyamaza. Mtu akikonda, wanasema amerogwa. Mama akitokwa damu ukubwani, anaficha. Mtoto akivimba shavu, anapelekwa kuchanjwa chale. Halafu baada ya miezi minane, kumi, ndipo kichupa kinafika kwetu, na ndani yake kuna kitu ambacho kingefaa kuonekana mapema zaidi.

Ninalotaka muondoke nalo leo ni hili: saratani ni seli yako mwenyewe iliyoharibika, na mara nyingi huharibika hatua kwa hatua, kwa miaka. Kwa kuwa inatembea kwa miaka, tunaweza kukutana nayo njiani kabla haijafika.

Sasa nyoosheni mikono. Nani hapa hajawahi kuchomwa na mwiba wa sangara?

Naona hata watoto mmenyamaza! Haya. Mwiba wa mgongoni mwa sangara umekupasua kiganja. Damu imetoka, umefunga kitambaa, umeendelea na kazi. Siku ya pili panauma. Siku ya nne kingo za kidonda zinaanza kusogeleana. Wiki mbili, pamefunga. Kumetokea nini pale? Seli za ngozi zilizokuwa pembeni mwa kidonda zimeanza kugawanyika. Moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, zikasogea, zikajaza pengo. Mpaka hapo kila mtu anaelewa.

Lakini naomba mnijibu swali moja. Pengo lilipojaa, nani aliziambia seli zisimame?

Fikirini vizuri. Zingeendelea kugawanyika, pale kiganjani pangeota nundu, na nundu ingekua mpaka mkono usifungike. Hazikuendelea. Zilifika, zikagusana na wenzake, zikasimama. Nani aliziambia?

Hilo ndilo swali la saratani lote. Nikishawaeleza jinsi seli inavyojua kusimama, mtakuwa mmeelewa inakuwaje inaposahau.

Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30. Ni ndogo kiasi kwamba nyingi ukizipanga 50 kwa mstari hazifiki milimita moja. Ukiacha chembe nyekundu za damu, ambazo hutoa kiini chake nje zikikomaa, karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini kuna DNA, yaani uzi uliobeba maelekezo ya mwili. DNA ya seli moja tu, ukiweza kuinyoosha, inafika urefu wa mita mbili hivi. Mita mbili ndani ya kitu usichokiona! Imegawanyika katika kromosomu 46, ambapo 23 ulipewa na mama yako na 23 ulipewa na baba yako. Humo kuna jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, na protini ndizo zinazofanya kazi.

Seli ikitaka kugawanyika, inanakili kwanza DNA yote, zile mita mbili zote, kisha inagawa nakala kwa seli mbili mpya. Na kazi hii haipumziki. Utando wa ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Uboho wa mifupa yako hutengeneza chembe nyekundu zipatazo milioni mbili kwa sekunde moja. Tangu nisimame hapa, dakika tano hizi, kila mmoja wenu ametengeneza zaidi ya milioni 500. Ndugu zangu, kwa kunakili kwa wingi namna hiyo, makosa hayawezi kukosekana. Yapo kila siku, ndani ya kila mmoja wetu. Mengi sana hurekebishwa hapo hapo na protini zenye kazi hiyo. Machache hupita.

Na yanayopita hukutana na nani? Hapa niwakumbushe wazee sungusungu. Mnakumbuka walivyoanza huku Usukuma miaka ya 1980? Ng'ombe wanaibwa, watu wanauawa, vijiji vikaamua kujilinda vyenyewe. Usiku ukipita njiani unasimamishwa: wewe nani, unatoka wapi, unakwenda wapi? Usipojieleza, huendi mbele. Basi ndani ya seli ipo protini inayofanya ulinzi wa namna hiyo, inaitwa p53. DNA ikiharibika, p53 huisimamisha seli: usigawanyike kwanza, tengeneza palipoharibika. Pakitengenezeka, seli inaruhusiwa kuendelea. Pasipotengenezeka, p53 huiamuru seli ijiue. Ndiyo, mama, nimesema ijiue. Inajikata vipande vidogo vidogo bila vurugu, na seli za jirani zinameza mabaki. Jambo hilo linatokea mwilini mwako sasa hivi unaponisikiliza, na ndilo linalokuweka hai.

Sasa, p53 yenyewe nayo imeandikwa kwenye jeni, na jeni hiyo nayo inaweza kuharibika. Ukichunguza saratani za binadamu, karibu nusu yake utakuta jeni ya p53 imeharibika. Mlinzi hayupo, kila anayepita anapita.

Vijana wa sayansi, hili ni lenu. Tembo ana mwili mkubwa kuliko sisi mara nyingi, ana seli nyingi zaidi, na anaishi miaka mingi. Kwa hesabu ya kawaida angepaswa kuugua saratani sana kuliko binadamu. Haugui hivyo, saratani kwa tembo ni nadra. Mwaka 2015 watafiti walieleza sababu mojawapo: binadamu ana jozi moja ya jeni ya p53, tembo ana jozi zipatazo 20. Tembo hao hao mnaowaona Serengeti, safari ya saa chache tu kutoka hapa. Seli ya tembo ikiharibika, haraka sana hujiua. Natamani mmoja wenu hapa mbele asome hadi aje atueleze tunawezaje kuwasaidia binadamu kwa elimu hiyo.

Jeni moja ikiharibika, je, tayari ni saratani? Hapana. Kwa saratani nyingi za watu wazima inabidi seli ile ile moja, na uzao wake, ipate uharibifu mara kadhaa: jeni inayosukuma kugawanyika ikwame ikiwa imewashwa, jeni za kuzuia zizimike, uwezo wa kujiua upotee, halafu ije kupata uwezo wa kuvunja ukuta mwembamba ulio chini yake na kuhama. Hesabuni wenyewe: seli moja ikigawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, mkirudia hivyo mara 30 mnafika seli bilioni moja na ushee. Seli bilioni moja ni uvimbe wa sentimita moja hivi, kama hakuna iliyokufa njiani. Nyingi hufa njiani, ndiyo maana huchukua miaka. Uvimbe unaousikia kwa kidole leo umekuwa na historia ndefu usiyoijua.

Basi ni nini kinachoharibu? Huku kwetu ziwani, baadhi ya majibu tunayo, na mojawapo lilipatikana kwenye maji haya haya. Niwavushe ng'ambo kidogo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba, kulia na kushoto, juu na chini. Hakuwa ameona kitu cha namna ile. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, akatazama nje kupitia dirisha la hospitali, akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso umevimba vile vile. Alitoka akaenda kumchunguza, akakuta na tumboni kuna uvimbe.

Ningependa tumheshimu daktari huyu kwa jambo moja: aliuliza. Aliuliza hospitali za Uganda, akauliza za nje, na mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari wakasafiri zaidi ya kilomita 16,000 kushuka kusini mwa Afrika, na katika nchi yetu wakapita, wakisimama hospitali moja baada ya nyingine: watoto wa namna hii mnawaona hapa? Penye baridi na milima mirefu wakaambiwa hapana. Penye joto na mvua wakaambiwa ndiyo. Na penye joto na mvua, wazee wangu, kuna nini kingine? Kuna mbu. Kuna malaria.

Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi ndani ya seli hizo kwa hadubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza duniani kujulikana kuwa kinahusiana na saratani ya binadamu. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Karibu kila mtu mzima aliyeko hapa uwanjani anacho, alikipata utotoni kwa mate, na hakimsumbui.

Basi kwa nini mtoto huyu augue na wenzake wasiugue? Kirusi kinakaa ndani ya chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Malaria ikimpiga mtoto mara kwa mara, chembe hizo zinasukumwa zigawanyike, zigawanyike, zigawanyike, na kila zinapofanya hivyo zinakata na kuunga DNA yake ili zitengeneze kingamwili mpya. Siku moja, kwenye seli moja, kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kuungwa kwenye kromosomu ya 14. Kwenye kipande hicho kuna jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuihimiza seli igawanyike. Kwa kawaida inawashwa na kuzimwa. Mahali ilipohamia ni pale kingamwili zinapotengenezwa, na katika chembe hizo sehemu hiyo haizimwi. Seli imepoteza namna ya kusimama.

Nilisema saratani nyingi huchukua miaka. Hii haingoji. Limfoma ya Burkitt, ndilo jina la ugonjwa huu wa watoto, inaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Mama zangu, nisikilizeni kwa makini hapa: mtoto akivimba taya, au meno yakalegea wakati wake haujafika, usiende kung'oa jino ukarudi nyumbani. Mpeleke hospitali, na mkiambiwa muende hospitali ya rufaa ya Bugando, nendeni wiki hiyo hiyo. Kwa sababu seli zinazogawanyika kwa kasi hivyo ndizo zinazopigwa vizuri na dawa. Burkitt mwenyewe aliwatibu watoto kwa dawa zilizokuwepo miaka ile ya 1960, na baadhi walipona kabisa wakakua. Leo dawa ni bora zaidi. Mtoto huyu anapona, akiwahi.

Nije kwa wanaume, maana mmekaa mnaona ni habari za mama na watoto.

Kichocho. Mnakijua. Watoto wetu wanaogelea, vijana wanavuta kokoro wamezama kiunoni, mama anafua. Konokono wadogo wa majini wanatoa vimelea, vimelea vinapenya ngozi. Hapa ziwani kilichojaa ni kichocho cha tumbo, kinachoumiza utumbo na ini mpaka mtu anatapika damu. Lakini ukienda ndani, Misungwi, Kwimba, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, kuna kile kingine, cha kukojoa damu. Hicho ndicho kinachoingia kwenye habari yetu ya leo. Mwaka 1994 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza visababishi vya saratani ulikiweka rasmi kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani kwa binadamu: saratani ya kibofu.

Inakuwaje mdudu asababishe saratani? Minyoo wake wanakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu na kutaga mayai. Mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu. Yai lililonasa ni kidonda kisichopona. Mwili unakishambulia, na kemikali za mashambulizi hayo zinaharibu DNA ya seli za jirani. Hapo hapo seli za utando zinagawanyika kuziba kidonda, na kidonda hakizibiki. Mnakumbuka kiganja na mwiba wa sangara? Hapa mwiba haujatoka. Miaka kumi, miaka ishirini, seli zinagawanyika pale penye uharibifu.

Nilimfahamu mzee mmoja, mkulima wa mpunga, Mungu amrehemu. Alianza kukojoa damu akiwa kijana, damu ikaja na kuondoka, ikaja na kuondoka, na kwao ilionekana jambo la kila kijana. Alipofika hospitali alikuwa na wajukuu na mkojo ulikuwa haupiti. Kinyama chake tulikiandaa sisi. Kati ya seli za saratani, kwenye kioo kile kile, yalikuwepo maganda ya mayai ya kichocho, yamekauka, yamekaa humo miaka. Nilikaa nikiyatazama kwa muda mrefu. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtu na humezwa siku moja. Siku moja, wanangu! Mzee yule alikaa na ugonjwa ule karibu umri wake wote.

Sigara sitaikalia. Moshi wake una kemikali zinazojibandika kwenye DNA ya mapafu, koo na kibofu. Mnaovuta mkisubiri nyavu, acheni.

Sasa mama zangu na mabinti. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na karibu yote chanzo chake ni kirusi kiitwacho HPV, kinachopita kwa kujamiiana. Wengi wetu tuliwahi kukipata, na mwili ukakiondoa bila sisi kujua. Kwa baadhi ya wanawake hakiondoki. Aina mbili za kirusi hiki, ya 16 na ya 18, ndizo zenye karibu asilimia 70 ya saratani hiyo. Kinafanya nini ndani ya seli? Kinatengeneza protini inayoikamata p53 na kuiharibu. Kinamwondoa mlinzi kwanza. Kisha kinatengeneza nyingine inayoondoa kizuizi cha kugawanyika. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, safari hiyo huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU bila matibabu inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Miaka 15, mama zangu! Na katika miaka hiyo yote, muuguzi anaweza kuona mabadiliko kwa siki. Anapaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, palipobadilika panageuka peupe. Panatibiwa pakiwa bado si saratani. Kuanzia miaka 30 nendeni mkapimwe. Mnaoishi na VVU, mapema zaidi.

Na ipo chanjo. Kuhusu chanjo hii nina habari ambayo huwa inanifurahisha kila ninapoisimulia, kwa sababu ni habari ya mabinti wa hapa. Mwaka 2017 ulianza utafiti hapa Mwanza. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kwa ridhaa yao na ya wazazi wao, waligawanywa kwa kura: wengine wapate dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Swali lilikuwa, je, dozi moja inatosha? Kwa nchi yenye wasichana wengi na fedha chache, swali hilo ni zito. Walifuatiliwa, damu ikapimwa miaka miwili baadaye, na karibu wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya aina zile mbili hatari. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja yaweza kutumika, na ushahidi wa Mwanza ulikuwa sehemu ya ushahidi uliotazamwa. Mwaka 2024 Tanzania yenyewe ikaingia kwenye dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mabinti wa Kisukuma, wa Kikerewe, wa Kijita, walinyoosha mikono wakachomwa sindano, na leo mabinti wa nchi nyingine wanafaidika.

Halafu mzazi wa hapa hapa Igombe ananiambia chanjo inafunga kizazi. Mzazi mwenzangu, naomba tusemezane kwa upole. Chanjo hii ina protini ya ganda la nje la kirusi, ganda tupu, ndani hakuna kitu cha kuambukiza. Mwili unalijua ganda, unatengeneza kingamwili, basi. Kizazi kinafungwa na saratani yenyewe, pale daktari anapolazimika kuondoa mfuko wa uzazi wa mwanamke wa miaka 35 ili aishi. Kama una binti wa umri huo na hajachanjwa, jumatatu zungumza na mwalimu wake.

Niwataje na ndugu zetu wenye ualbino. Ukerewe hapo mbele wako wengi, na hapa uwanjani nawaona. Ngozi yenye rangi ina melanini, na melanini hukaa juu ya kiini cha seli ikikikinga na jua. Asiyekuwa nayo, miale inapiga DNA moja kwa moja, na huku karibu na ikweta miale ni mikali mwaka mzima. Hao hawangoji uzee. Saratani ya ngozi inaweza kuwapata ujanani. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kidonda chochote kisichopona ndani ya mwezi mmoja kionwe na daktari kikiwa kidogo. Na ninyi wenye mitumbwi, mkimwajiri kijana mwenye ualbino, msimwanikishe dagaa saa sita mchana. Mpeni kazi ya kivulini. Hilo haligharimu kitu.

Nimalizie kwa kichupa changu, maana kuna maneno mtaani kwamba uvimbe ukiguswa na kisu saratani inasambaa, kwa hiyo watu wanakataa kukatwa kinyama. Nataka mjue kinachotokea. Kinyama kinawekwa kwenye formalini kisioze. Kinakaushwa maji, kinazamishwa kwenye nta, nta ikiganda tunakikata kwa kisu cha mashine, vipande vyembamba kuliko unywele mara nyingi. Tunaviweka juu ya kioo, tunavitia rangi: viini vinakuwa zambarau, sehemu nyingine waridi. Seli nzima, ukiziona, zinapendeza. Zimekaa kwa mpangilio, viini vinalingana, kila moja iko mahali pake juu ya ukuta wake. Seli za saratani zina viini vikubwa, vyeusi, kimoja hivi na kingine vile, nyingi zinagawanyika kwa wakati mmoja, na zimevuka ukuta zimeingia kusiko kwao.

Saratani inasambaa kwa sababu ya kule kuvuka. Zikishavuka zinaingia kwenye mishipa ya damu na mitoki, zinaenda kwenye ini, mapafu, mifupa. Zinavuka zenyewe, kwa sababu ya jeni zilizoharibika, na zinavuka wakati wewe unasubiri nyumbani ukiogopa kisu. Watu wanaona mgonjwa amekatwa kinyama mwezi wa tatu na amefariki mwezi wa sita, wanasema ni kisu. Alikuja imeshavuka. Bila kinyama, daktari hajui ni saratani au la, na kama ni saratani hajui ni ipi, na dawa ya hii siyo dawa ya ile. Na si kila kichupa kina saratani. Wengi wamekesha wakilia kwa uvimbe ambao majibu yake yalikuja: si saratani, utolewe, nenda nyumbani.

Mzee pale nyuma ameninyooshea mkono. Sema, baba.

Ameuliza: mke wangu akiwa na saratani, nikilala naye kitanda kimoja nitaambukizwa? Hapana, baba. Seli za saratani ya mkeo ni zake. Zikiingia kwako mwili wako utazitambua kuwa ngeni. Kinachoweza kupita kati ya watu ni virusi kama HPV, na hicho nimekieleza. Lala naye, kula naye, mshike mkono. Na swali lako la pili, kama inarithiwa: mara chache. Katika saratani 100, tano hadi kumi hivi zinatokana na jeni iliyoharibika ambayo mtu alizaliwa nayo. Kama mama na mama mdogo wote waliugua saratani ya matiti wakiwa vijana, binti amweleze daktari mapema. Nyingi zilizobaki ni za uharibifu wa baadaye, ule tuliouzungumza.

Wauguzi wako kwenye madarasa mawili ya mwisho, upande wa mwembe. Darasa la kwanza ni kipimo cha siki, mnaingia mmoja mmoja, pazia lipo, na wote wanaopima ni wanawake. Darasa la pili ni mkojo na dawa za kichocho. Kuna mizani mlangoni kwa sababu dozi inategemea uzito, na wale ambao hamjala, kuna uji pale kwa mama, kunyweni kwanza ndipo mmeze. Vijana wa ziwani ninawaomba muanze ninyi, maana najua saa nane mnataka kulala. Mimi nitakuwa chini ya mwembe mpaka saa kumi, mwenye swali lake la siri anifuate.

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza.